Shirika Halijaitikia

Palikuwa na nchi moja, na kama haijauzwa bado ipo, ambayo jina lake nimelisahau makusudi. Nchi hiyo ilikuwa na bendera, wimbo, mawaziri wengi kuliko madaraja, na reli moja tu. Reli ilianzia bandarini, ikapanda mpaka kilele cha Mlima Kokoto, ikateremka upande wa pili kama mtu anayekimbizwa, ikapita katikati ya soko la Bondeni, ndipo ikaingia makao makuu ya serikali. Kila kitu walichokula wakubwa wa nchi ile, walichokunywa na walichokalia kilipitia kwenye mteremko huo.

Aliyekuwa akivipitisha ni dereva Mwinshehe. Bwana huyu alikuwa mnene, ana sauti, anapenda sifa, na kofia yake ya reli hakuivua hata akienda msibani. Alikuwa mwoga pia, ila hilo walilijua watu wawili tu: mkewe Siwema na msaidizi wake Chaurembo.

Chaurembo alikuwa mrefu, mwembamba na mtani asiyecheka. Kazi zake ndani ya treni zilikuwa mbili. Ya kwanza, wakifika kileleni Kokoto, ashuke, atembee kandokando ya mabehewa akizungusha breki za mkono moja baada ya nyingine, ili treni isiteremke kwa pupa ikawakuta kina mama wa Bondeni wanapanga nyanya zao. Ya pili, aitikie.

Kuitikia ilikuwa desturi ya reli tangu enzi za makaa ya mawe. Dereva akiona taa anaitaja kwa sauti. Msaidizi naye anaitazama kwa macho yake mwenyewe, halafu anaitikia. "Kijani!" "Kijani, nimeona!" "Nyekundu!" "Nyekundu, nimeona!" Bila kuitikiwa, treni haiondoki. Kanuni za Shirika la Reli ndivyo zilivyosema, na Mwinshehe alikuwa amezizoea kiasi kwamba hata nyumbani, akisema chai imechemka, alikaa kusubiri mtu aseme imechemka, nimeona.

*

Siku moja Shirika likagundua kwamba treni ina watu wawili. Walikuwamo wawili tangu reli itandikwe, lakini Meneja Mkuu alikuwa ametoka ziarani ng'ambo, na mtu akitoka ziarani ng'ambo lazima agundue kitu, la sivyo ataulizwa alikwenda kufanya nini. Basi yeye akamgundua Chaurembo.

Madereva kusikia hivyo wakakimbilia bungeni, wakaomba itungwe sheria kwamba treni ya mizigo isiwe na watu pungufu ya wawili. Waziri wa Reli, Mheshimiwa Profesa Balozi Injinia Kirumbizi, akasimama kujibu. Mtu wake wa kumbebea mkoba akampa karatasi, mtu wake wa kumfungulia chupa akampa maji, naye akanywa, akarekebisha tai.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "Mungu ni mmoja. Rais wetu mpendwa ni mmoja. Jua ni moja, na linamulika dunia nzima bila msaidizi. Iweje dereva wa treni awe wawili? Hawa wanaodai wawili wanataka kutuambia kwamba mmoja hatoshi. Nauliza mbele ya Bunge lako tukufu, ni mmoja yupi huyo asiyetosha? Wamtaje!"

Bunge zima likatazama sakafu. Hakuna aliyetaka kumtaja. Hoja ikatupwa, meza zikapigwa makofi.

Kwa majaribio, treni moja ya chumvi ikapelekwa Kokoto na dereva mmoja, kapera fulani mgeni kazini. Ilipanda vizuri. Kuteremka ndiko kulikokuwa na maneno. Yule dereva aliruka mapema akaangukia kwenye mkonge, treni ikapita Bondeni peke yake inapiga miluzi, na kwa rehema za Mungu siku hiyo haikuwa ya soko. Behewa la kwanza likatoka relini, likavunja ukuta, likaingia bafuni kwa Mkuu wa Wilaya. Mwenyewe alikuwamo, amejipaka sabuni.

Katika nchi ile, mwananchi akigongwa iliundwa kamati. Mkuu wa Wilaya akikoswakoswa ilitungwa sheria. Wiki haikwisha, Bunge likapitisha kwamba treni ya mizigo haitaendeshwa isipokuwa na dereva na mwenza wake.

Madereva walikuwa wameandika "mwenzake". Lakini mwandishi wa sheria wa bungeni, mtu wa shule sana, aliona mwenzake ni neno la barazani, halina hadhi ya kupigwa muhuri. Akalikata mkia likawa mwenza. Mimi simo, nasimulia tu.

*

Sheria ilisomwa redioni wakati wa chakula cha mchana. Kwenye kota za reli, Siwema alikuwa anapakua ugali aliposikia kwamba kuanzia sasa kila dereva wa treni ya mizigo ni lazima awe na mwenza. Kwa wanawake wa kota, mwenza alikuwa mtu anayejulikana vizuri kabisa: mke mwenza, yule mwanamke anayeingia na sanduku lake akauliza chumba chake ni kipi. Siwema akaweka mwiko chini.

"Baba Tunu," alisema, "serikali imeanza lini kukuolea?"

"Kuniolea? Mimi?"

"Redio imesema lazima uwe na mwenza. Lazima! Na wewe unatafuna tu, hata hushtuki."

"Mama Tunu, hao wanamaanisha kitu kingine..."

"Ahaa! Kumbe unajua wanachomaanisha! Ulikuwa unajua!"

Ugali haukuliwa. Kufika alasiri wanawake wote wa kota walikuwa chini ya dirisha la Meneja Mkuu na miiko yao, wanagonga masufuria, wanataka kumwona huyo mwenza kabla hajafungua sanduku. Meneja akachungulia, akaona kioo chake kipya kiko hatarini.

"Kina mama, tulieni!" alipiga kelele. "Hakuna anayeletewa mke mwenza. Mwenza ni ninyi wenyewe!"

Alisema hivyo ili kuokoa kioo. Lakini nyuma yake alikuwa amesimama wakili wa Shirika, msomi aliyekuwa na kipawa cha kuokota neno lililodondoka na kulifanya mali ya mwajiri wake.

"Meneja," akanong'ona, "umesema jambo kubwa. Zahanati zote zimebandika tangazo: njoo na mwenza wako. Maana yake mume au mke. Je, umewahi kusikia anayesindikizwa zahanati na mkewe anamlipa mshahara?"

Meneja akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu arudi ng'ambo. Kesho yake tangazo likatoka. Kila dereva ataendesha treni pamoja na mume au mke wake wa ndoa. Kwa kuwa mwenza huongozwa na mapenzi, na mapenzi hayana bei, hatalipwa. Wasaidizi wote warudishe kofia.

Chaurembo alirudisha yake mezani kwa karani, akamgeukia Mwinshehe. Mwinshehe akatazama viatu vyake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na alitamani aseme neno hata moja, lakini alikuwa anaogopa kibarua kisije kikaota nyasi.

"Haya, kaka," alisema Chaurembo. "Ukifika Kokoto unisalimie. Waambie mimi nimeachika."

*

Basi wenza wakaingia reli. Dereva mmoja mwenye wake wawili alikuja nao wote, wakagombea kiti mpaka njiani, na Shirika likatangaza kwa fahari kwamba limevuka kiwango cha sheria. Makapera wakapewa likizo ya kwenda kuoa.

Siwema alipanda na kapu, chupa ya chai, na malalamiko ambayo kwa miaka yote ya ndoa hakupata nafasi ya kuyamaliza kwa sababu mume alikuwa safarini. Sasa safari yenyewe ilikuwa hii, na mume hana pa kukimbilia.

"Kijani!" akasema Mwinshehe.

"Kwani mimi kipofu?"

"Unatakiwa useme kijani, nimeona."

"Ningekuwa sijaona ningekaa kimya? Endesha, bwana."

Mbele kidogo ikatokea taa nyingine. "Nyekundu!"

"Usinipandishie sauti, Baba Tunu. Hapa si nyumbani."

Walipofika kileleni, Mwinshehe akamweleza kwa upole kwamba sasa mwenza anashuka kufunga breki. Siwema akachungulia dirishani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, kokoto zina ncha, na mabehewa yamepangana mpaka yanapotelea kwenye kona.

"Kwa mshahara upi?"

"Kwa... kwa mapenzi. Ndivyo walivyotangaza."

Siwema alicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akafunga kanga kiunoni akashuka, maana aliwafikiria wenzake wa Bondeni na watoto wao. Pale stesheni ya kileleni alimkuta Chaurembo, ambaye siku hizi alikuwa anachoma mahindi na kuwauzia wasafiri. Chaurembo akamwonyesha namna ya kuzungusha gurudumu la breki bila kuvunja kidole, na wakaenda pamoja behewa kwa behewa. Siwema aliporudi alikuwa amelowa chapachapa na viganja vimetoka malengelenge.

"Mume wangu," alisema, "mapenzi nimeyafanyia kazi ya kutosha jikoni. Haya ya reli mtafute wa kumlipa."

Habari zikasambaa kota nzima. Asubuhi iliyofuata wenza wote wa Shirika la Reli wakaumwa kichwa kwa pamoja.

*

Bunge likakutana tena. Neno mwenza likafutwa, yakawekwa maneno "mtu wa pili". Safari hii mwandishi wa sheria alisimamiwa na madereva wenyewe, herufi kwa herufi, na hapakuwa na mahali pa kukata mkia. Mwinshehe akamtumia Chaurembo salamu kwamba apige pasi sare yake. Chaurembo akaipiga pasi, akaitundika msumarini juu ya jiko la mahindi, akawa anaitazama.

Loo! Walimsahau wakili. Msomi yule alifungua sheria za nchi akakuta, kama ilivyo kwa sheria za nchi nyingi zenye heshima, kwamba mtu si lazima awe na miguu. Kampuni ni mtu. Shirika ni mtu. Linamiliki, linashtaki, linashtakiwa. Kama linaweza kushtakiwa, wakili aliuliza, litashindwaje kukaa kitini? Na ni mtu gani anayeifaa treni ya Shirika kuliko Shirika lenyewe?

Basi kwenye kila kichwa cha treni, kwenye kiti cha msaidizi, kikafungwa kwa skrubu kibao cha shaba kilichoandikwa SHIRIKA. Sherehe ya uzinduzi ilikuwa na matarumbeta. Mheshimiwa Profesa Balozi Injinia Kirumbizi alikata utepe uliozungushiwa kiti, akakipa kibao mkono, akapigwa picha anakichekea.

"Mliomba mtu wa pili," aliwaambia madereva. "Serikali sikivu imewapa mtu ambaye halali, hali, haumwi kichwa, wala haombi ruhusa ya kwenda msalani. Mmewahi kupata mfanyakazi mwenzenu wa namna hii? Mwamkieni!"

Madereva wakapanga foleni. Zamu ya Mwinshehe ilipofika akavua kofia, ile ambayo hata msibani haivui, akainama mbele ya kiti.

"Shikamoo," akasema.

Kibao hakikuitikia. Watu wakapiga makofi hata hivyo.

*

Safari ya kwanza na mwenzake huyo mpya, Mwinshehe alifika kileleni akakuta taa ya kijani. Aliitaja, akajijibu mwenyewe kwa sauti nyembamba, akashuka mbiombio kufunga breki. Alifunga kiasi tu, maana kila akifika mbali alikumbuka kwamba kule mbele hakuna mtu, akarudi mbio kuangalia kama treni bado ipo. Chaurembo aliacha mahindi akaja kusaidia, lakini mlinzi wa stesheni akamfukuza kwa kuwa si mtumishi.

Treni ikaanza kuteremka. Mwanzo ilikwenda kwa adabu. Halafu mabehewa yasiyofungwa yakaanza kuyasukuma yaliyofungwa, breki zikalia, moshi ukatoka, na Mwinshehe akaliona soko la Bondeni linamjia. Alipiga honi akakaba kamba ya honi hakuiachia. Kina mama wakanyakua watoto, wakaacha nyanya. Treni ikapita sokoni ikisaga matenga yote yaliyokuwa karibu na reli, ikaenda ikasimama mbali, nje kabisa ya mji, ikiwa imechoka yenyewe.

Mwinshehe aliposhuka suruali ilikuwa imelowa, na siku hiyo mvua haikunyesha. Tuliseme wazi hili, maana ndilo lililogeuza mambo katika nchi ile, ingawa vitabu vya shule havijaliandika.

Nyumbani alimwambia Siwema, akalia. Siwema alimwachia alie mpaka akamaliza.

"Utakuja kuua watu," akamwambia.

"Najua. Leo wamewahi kukimbia, safari ijayo nitawaua. Lakini nikigoma, kibarua kinaota nyasi, na watampeleka mwingine naye atawaua vilevile."

Siwema akailoweka ile suruali, akawaza. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya dagaa:

"Baba Tunu, huyo mwenza wako mpya, hivi huwa anaitikia?"

Mwinshehe akaacha kulia. Kisha akajifuta machozi kwa kofia.

*

Yubile ya Rais ilikuwa inakaribia. Wageni wa heshima walikuwa wamekwisha kufika makao makuu, na viti vyao vya kukalia, vyenye mito myekundu na miguu iliyopakwa dhahabu, vilikuwa vimeshushwa bandarini. Vikapakiwa kwenye treni ya Mwinshehe. Siku moja kabla ya sherehe, ambayo Bondeni ni siku ya soko, treni hiyo ikafika kileleni Kokoto. Taa ilikuwa kijani.

"Kijani!" akasema Mwinshehe kwa sauti yake yote, akakigeukia kiti.

Kimya. Akasubiri kwa heshima. Akataja tena. Kisha akachukua simu ya upepo, akawaita waongoza treni.

"Kontroli, hapa Mwinshehe, Kokoto kileleni. Taa kijani. Nimeitaja. Mwenzangu hajaitikia."

"Mwenzako nani?"

"Shirika."

"Basi mwite tena."

"Nimemwita mpaka koo limekauka. Sijui nimemkosea nini."

"Mwinshehe, acha mzaha, ondoa treni! Mna viti vya wageni wa Rais humo!"

"Siwezi, bwana. Kanuni ya Shirika inasema nisiondoke bila kuitikiwa. Nivunje kanuni za Shirika, na Shirika lenyewe hili hapa limekaa linanitazama?"

Madereva wengine walikuwa wanasikiliza kwenye simu zao. Mmoja baada ya mwingine wakakigeukia kiti cha pembeni, na wote wakagundua kwamba mwenzao naye hajaitikia. Mchana haujafika, nchi nzima ilikuwa imesimama juu ya reli.

Msafara wa magari ukapanda Kokoto unapiga ving'ora. Akashuka Waziri, akashuka Meneja Mkuu, akashuka wakili. Siku hiyo Mwinshehe alikuwa anatetemeka kama kawaida yake, lakini alikuwa ameshikilia mkono wa kiti na hakuuachia.

"Shikamooni, waheshimiwa. Mimi sina ugomvi na mtu. Namsubiri mwenzangu tu."

"Pumbavu!" Meneja akapanda ndani, akaitazama taa. "Mimi ndiye Shirika. Kijani, nimeona! Haya, ondoka!"

Wakili akamvuta koti. "Meneja, umesema wewe ndiye Shirika, mbele za watu. Treni hii ikianguka, utashtakiwa wewe, na nyumba yako, na shamba lako."

"Sijaona," akasema Meneja upesi. "Futa. Sijaona kitu chochote."

"Sasa ni nani anayeitikia kwa niaba ya Shirika?" Waziri akauliza. "Semeni, viti vinachelewa!"

"Bodi, Mheshimiwa. Bodi ya Shirika ikikaa na kupitisha azimio. Ila bodi haikai bila akidi."

"Akidi ni watu wangapi?"

Wakili akapunguza sauti. "Saba."

"Wangapi?" Mwinshehe akauliza. "Sikusikia vizuri."

"Saba!"

"Ala! Kumbe mmoja hatoshi?"

Chaurembo, aliyekuwa kwenye mahindi yake, akapaza sauti bila kuinua macho. "Ni mmoja yupi huyo? Wamtaje!"

Waziri akatazama chini kwenye kokoto, akazitazama kwa muda mrefu.

*

Wajumbe wa bodi wakaletwa, wengine wametolewa kwenye kikao kingine, mmoja ametolewa saluni na kitambaa shingoni. Saba wakabanana ndani ya kichwa cha treni, na katibu wa kuandika kumbukumbu, na mama wa chai, kwa kuwa bodi haikai bila chai. Mwinshehe alibanwa ukutani kofia ikampinda.

Mwenyekiti akafungua kikao. Ajenda: taa. Mjumbe wa kwanza akauliza kama kijani hicho ni cha mwisho au bado kinajadiliwa. Wa pili akapendekeza njano, kwa ajili ya maridhiano. Wa tatu akalalamika kwamba hakuletewa nyaraka mapema, kwa hiyo taa yenyewe haitambui. Wakapiga kura. Kijani ikapata wanne, nyekundu wawili, na mmoja hakufungamana na rangi yoyote.

"Kwa azimio hili," akasema mwenyekiti akinyoosha tai, "Shirika linaitikia. Kijani, nimeona!"

Mwinshehe akachungulia nje. "Samahani, mheshimiwa mwenyekiti. Imegeuka nyekundu."

Wakarudia. Ikawa kijani tena wakati wanasoma kumbukumbu za kikao kilichotangulia. Walipoiwahi safari ya tatu wakapongezana, mjumbe mmoja akadai posho, na Mwinshehe akawashukuru sana.

"Sasa imebaki kazi moja ndogo," alisema. "Shirika lishuke likafunge breki. Mabehewa yote, mpaka kule kwenye kona. Chini kuna soko."

Wajumbe wakatazamana viatu. Nje mvua ikaanza, tena ile ya Kokoto inayokuja ya mshazari. Jua lilikuwa linashuka, na simu ya Waziri ililia, Ikulu ikauliza wageni wa Rais watakaa juu ya nini. Waziri alijibu kwa kusimama wima.

"Fanyeni chochote!" akawageukia. "Chochote!"

Wakili akafikiri haraka kuliko alivyozoea. Bodi, alisema, inaweza kumteua mtu mmoja kuwa ndiye Shirika ndani ya treni, kwa kila uamuzi unaohusu treni, ikipanda na ikishuka. Ikipitishwa, wenyewe wanaweza kwenda zao. Mikono yote saba ikanyanyuka kabla hajamaliza, hata wa yule asiyefungamana.

"Ni nani sasa?"

Mwinshehe akaelekeza kwa kidevu kwenye moshi wa mahindi. "Yule pale. Na kwenye treni nyingine, warudishwe wale waliokuwapo. Kila treni na Shirika lake."

Wakapitisha hilo pia. Chaurembo akageuza mahindi yasiungue, akafuta mikono, akavaa sare iliyokuwa imetundikwa, akapanda. "Naomba njia, waheshimiwa." Akaketi juu ya kibao.

Mwinshehe akavua kofia. "Shikamoo, Shirika."

"Marahaba, mwanangu."

"Siku ile nilinyamaza, Chaurembo. Nisamehe."

"Leo umepiga kelele za kutosha, kaka. Vaa kofia, mvua."

"Mnaongea nini?" Meneja Mkuu akagonga mlango. "Teremsheni hivyohivyo! Hakuna muda wa kufunga mabreki! Ni amri ya Shirika!"

Chaurembo akachungulia dirishani, akamtazama kuanzia tai mpaka viatu.

"Shirika limekataa," akasema.

Meneja akamgeukia wakili. Wakili alikuwa ameshika azimio, wino haujakauka, mvua inalidondokea. Akalisoma mwanzo, akalisoma mwisho.

"Ni kweli, Meneja," akasema. "Limekataa."

"Tena mabehewa ni mengi na giza linaingia," akaongeza Chaurembo akishuka. "Shirika linakutuma wewe uanzie la mwisho. Zungusha kulia, uangalie kidole."

Walikutana katikati ya treni, mmoja ametokea mbele na mwingine ametokea nyuma, wote wamelowa. Mmoja wao alikuwa amepoteza kiatu, na hakuwa Chaurembo. Kisha Shirika likarudi kwenye kiti chake likapangusa uso.

"Kijani!"

"Kijani, nimeona!"

Treni ikateremka polepole, viti vya dhahabu vikitikisika ndani ya mabehewa, ikaingia Bondeni wakati wa kufunga soko. Kina mama walikuwa wanahesabu nyanya zilizobaki. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.